MTOA HABARI ASINYIMWE HABARI

Ndugu wafanya kazi wa maktaba,

Hapa Kwa Vonza, tangu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilipopata hati yake mwaka 2013, wasomaji hutoka mbali kuja kutafuta vitabu. Kazi yetu ya maktaba ni kumpa mtu habari anayoitaka. Basi ni aibu iliyoje mfanya kazi wa maktaba, popote alipo, akizipata habari za kazi yake kwenye kibanda cha chai!

Hatukinyoshei kidole chuo chochote. Twasema juu ya desturi mbaya. Katika maktaba moja, ambayo hatuitaji, saa ya kufunga ilisogezwa mbele. Wasomaji walibandikiwa tangazo mlangoni. Mwenzetu wa zamu ya jioni alilisoma tangazo lile akiwa pamoja nao, na usiku ule matatu ya mwisho ilimwacha njiani.

Wakubwa husema, "Jambo hili lilielezwa mkutanoni." Mkutano gani? Ulifanywa asubuhi, na wa zamu ya jioni yuko nyumbani. Husema tena, "Tuliandika barua pepe." Mfagiaji na mlinzi wa mlango wana kompyuta gani? Kumwambia mmoja si kuwaambia wote.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, yasema saa za kazi na mahali pa kazi yaandikwe katika mapatano. Yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanya kazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kifungu cha 40 chasema watu wakitaka kupunguzwa kazini, chama chao kipewe taarifa si chini ya mwezi mmoja mbele, pamoja na sababu. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kwa hivi twataka mambo manne:

1. Ubao wa matangazo wa wafanya kazi, mahali ambapo kila zamu hupita.
2. Mkutano mfupi kila juma, mara mbili kwa siku hiyo, ili zamu zote zihudhurie.
3. Maneno ya mkutano yaandikwe kwa lugha nyepesi na kubandikwa siku ya pili yake.
4. Badiliko lolote la saa, uhamisho au mikataba lijulikane kwa wafanya kazi kabla halijajulikana kwa wasomaji.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji karatasi, misumari na heshima.

Lakini tujisute na sisi wenyewe. Wako wajumbe wa chama wanaokwenda kwenye majadiliano na kurudi kimya, kana kwamba habari ni mali yao. Mjumbe wa namna hiyo hana haki ya kumlaumu mkubwa. Naye mwanachama asiyeuliza asilalamike akiachwa gizani.

Ndugu, uvumi hutugawa; mmoja huogopa, mwingine hukasirika, wa tatu huenda kujipendekeza. Watu wanaojua jambo moja kwa wakati mmoja ndio wanaoweza kusimama pamoja. Kesho ukifika kazini, uliza: ubao wetu uko wapi?

Umoja ni nguvu.