Damu ya Mkulima na Rufaa ya Serikali

Yako maneno ambayo kila niyasikiapo barazani huniunguza moyo, nayo ni haya: "Wamekwisha achiwa hao, yameisha, Serikali yatafuta nini tena?" Husemwa na watu wazima, wenye dini zao na murua wao, kila ijapo habari kwamba Serikali imekata rufaa kupinga kuachiwa huru kwa washitakiwa wa mauaji, na hasa ikiwa marehemu ni mtu wa shamba, asiye na ukoo mkubwa wala jina mjini. Lau kama aliyeuawa angalikuwa tajiri mwenye maduka, je, maneno hayo yangalitoka katika vinywa hivyo?

Ninyi ni waungwana, wala hamna haja ya kufundishwa na mimi kwamba damu ya mwanadamu ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kwamba wazee waliosema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hawakumtoa mkulima katika hesabu hiyo.

Tutazame yaliyotokea Bihar, katika Bara Hindi, maana Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika katika mahakama za Tanganyika hata tulipojitungia yetu mwaka 1967, na kwa hiyo mashaka ya mahakama zao si mageni kwetu. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1997, watu wenye silaha wa kundi la Ranvir Sena, lililoundwa na wenye mashamba, walivuka mto Son kwa mashua, wakaingia kijiji cha Laxmanpur Bathe, wakaua watu 58, aghalabu Wadalit, yaani watu wa tabaka la chini kabisa, mafukara wasio na ardhi, wanawake na watoto wengi miongoni mwao. Nao wavuvi waliowavusha, baada ya kutumika usiku ule, waliuawa vile vile, asibaki wa kusimulia. Zingatieni hapo, enyi wenye akili: muuaji aliijua thamani ya ushahidi wa fukara kuliko wengi walioajiriwa kuuandika.

Rais K. R. Narayanan aliliita jambo lile aibu ya taifa. Tume ya Jaji Amir Das ikaundwa kuchungua ni wakubwa gani waliokuwa nyuma ya kundi lile, kisha mwaka 2006 ikavunjwa kabla haijatoa ripoti yake. Kesi yenyewe ilikokotwa hata tarehe 7 Aprili 2010, ndipo mahakama ya Patna ikawatia hatiani watu 26, kumi na sita wanyongwe na kumi wafungwe maisha. Na tarehe 9 Oktoba 2013 Mahakama Kuu ikawaachia wote, kwa kuwa haikuridhika na ushahidi. Mwaka uliotangulia, Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imewaachia watu 23 waliotiwa hatiani kwa mauaji ya Bathani Tola ya mwaka 1996, walikouawa watu 21. Serikali ya Bihar ikakata rufaa katika Mahakama ya Juu, huko Delhi.

Je, ilikosa? Hasha! Anayeachiwa ana haki zake, na jaji hana ruhusa ya kumnyonga mtu kwa sababu ya machozi ya wafiwa; lakini marehemu hawezi kukata rufaa, na mjane wake hana nauli ya kwenda mjini, seuze ujira wa wakili, basi nani atakayemsemea ikiwa Serikali nayo itafumba mdomo? Hata kwetu Tanzania sheria imempa Mkurugenzi wa Mashtaka njia ya kwenda Mahakama ya Rufani, wala haikumpa kwa pambo.

Lakini ninyi watumishi wa Serikali, msivimbe vichwa kwa sifa hiyo, kwani ninyi ndio ninaotaka kusema nanyi. Samaki mkunje angali mbichi. Majaji wa rufaa husoma yaliyokwisha andikwa. Hawamwoni shahidi akitetemeka, wala hawaisikii sauti yake ikikatika anapofika kwenye jina la mwanawe. Ikiwa askari alifika kijijini jua limekwisha panda, akaandika maelezo kwa haraka, akamwacha mwanamke aliyeziona nyuso za wauaji bila kumwuliza zilimulikwa na taa gani, na yeye alikuwa amejificha umbali gani, basi wakili hodari wa utetezi atauliza yeye, baada ya miaka kumi, na mama wa watu atababaika, na shaka itaingia mlango huo huo mliouacha wazi. Kisha mnakuja na rufaa yenye kurasa nyingi na mihuri mingi! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu mnaujenga juu ya makaburi ya watu.

Na wenzangu wa magazeti nao nisiwasaze. Siku ya mauaji mwajaza ukurasa wa kwanza, siku ya hukumu mwaandika mistari michache, na siku ya rufaa hayupo mwandishi hata mmoja katika ukumbi. Mwajua kila mchezaji wa mpira amehamia timu gani, lakini tarehe ya kusikilizwa rufaa ya mauaji ya shamba hamwijui.

Ewe Wakili wa Serikali usomaye haya, wewe ni mtu msomi na mwenye imani, nami nakuheshimu: katika rafu yako limo jalada la namna hii. Lifungue leo, utazame ni lini mara ya mwisho lilipotajwa mahakamani, kisha mpelekee habari mjane yule, kwa barua au kwa mdomo wa mjumbe wake wa nyumba kumi, ajue rufaa imefika wapi.