Mtoki Kwanza, Virusi Baadaye

Walimu wanafunzi wengi huanza somo la maradhi kwa kuandika ubaoni neno "vijidudu", na watoto wakalinakili. Sisi twaona huko ni kuanzia mwisho. Mtoto wa Wawi amekwisha kuchomwa na mwiba, na siku ya pili mtoki ukamvimba kinenani. Somo na lianzie hapo. Aulizwe: jeraha li mguuni, mbona uvimbe uko juu? Atafahamu, pengine bila ya kuambiwa, kwamba tezi ile ni kituo cha ulinzi.

Ndipo ahamishwe shingoni, ambako jeraha halionekani. Mafua huletwa na virusi. Na kadhalika rubela, ivimbishayo tezi za kisogoni na nyuma ya masikio. Hivyo si bakteria wa kidonda. Aliyefunzwa "vijidudu" tu ataamini kuwa kapsuli zilizosalia kabatini zitamponya mdogo wake, na kumbe haziui virusi. Tezi hizo aghalabu hunywea zenyewe. Iliyo ngumu, izidiyo kukua, au isiyonywea kwa majuma kadhaa, ionwe na daktari.

Rubela ni nyepesi kwa mtoto, lakini humdhuru vibaya aliye tumboni, na walimu wa kike wasilisahau hilo. Chanjo yake iliingizwa nchini mwaka 2014 pamoja na ya surua.

Hapo Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Mtoto apitaye mbele yake kila asubuhi hastahili kuambiwa kwamba virusi ni wadudu wadogo.