Gari likitumbukia majini, kioo kwanza simu baadaye

Septemba 29, 2019, gari dogo lilirudi nyuma kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, na kutumbukia baharini. Ndani walikuwemo mama na binti yake mdogo. Gari lilitolewa Oktoba 11. Video zilizosambaa kwenye simu siku zile zilionyesha gari likielea kwa muda kabla ya kuzama, na wazazi wengi walioitazama walibaki na swali moja: Katika muda ule mfupi, mtu anaweza kufanya nini?

Swali hilo limefanyiwa majaribio. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, pamoja na wenzake, waliyashusha magari majini kwa kreni mara nyingi, watu wa kujitolea wakiwa ndani na wazamiaji wakisubiri pembeni. Mara nyingine aliyekuwa ndani ni profesa mwenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na yanawafaa wachunguzi wa ajali kama yanavyomfaa mzazi.

Kwanza, gari halizami papo hapo. Huelea kati ya sekunde 30 na dakika mbili, kisha pua huanza kushuka kwa sababu injini ndiyo nzito. Muda huo wa kuelea ndio wa kutoka. Katika jaribio moja, watu wazima watatu na mwanasesere wa ukubwa wa mtoto walitoka wote kupitia dirisha moja kwa sekunde 51.

Pili, mlango si njia. Maji yakifika usawa wa chini ya dirisha huku ndani bado pakavu, yanausukuma mlango kwa nguvu inayokaribia uzito wa mifuko mitatu ya saruji. Na ukifunguka mapema, maji huingia kwa kishindo na gari huzama ndani ya sekunde chache, wa kiti cha nyuma akiwa bado amefungwa mkanda. Kioo nacho hakisubiri: maji yakishapanda na kukibana, hata cha umeme hugoma kushuka.

Wengi wamesikia kwamba mtu asubiri gari lijae maji ndipo mlango ufunguke. Kwa hesabu za fizikia ni kweli, nguvu za ndani na nje husawazika. Lakini anayesubiri hivyo lazima abane pumzi, gizani, kichwa kikiwa chini, na watoto nyuma. Huo ni ushauri wa kuachwa kabisa. Kupiga simu kuomba msaada nako kuje baadaye, mtu akiwa nje. Dakika ya kumweleza mpokeaji ulipo ndiyo ile ile ya kutokea.

Kwa hiyo utaratibu ni mfupi: mikanda ifunguliwe, vioo vishushwe, wote watoke, watoto wakitangulia. Hapo kwenye watoto ndipo penye ugumu. Giesbrecht anashauri kuanza kumfungua mtoto mkubwa, kwa sababu yeye anaweza kumsaidia mzazi kwa wadogo. Kisha watoto wasukumwe nje kabla ya mtu mzima. Mama au baba akitangulia kutoka ili awavute kutoka nje, maji yanayoingia dirishani yatampinga, na kurudi ndani ni karibu muhali.

Ndiyo maana mazoezi yafanyike gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Mtoto wa miaka sita ajifunze kufungua mkanda wake mwenyewe, gizani pia. Mzazi ajipime anachukua sekunde ngapi kumtoa mdogo kwenye kiti chake kwa kupitia mbele. Na kile kitufe cha mlango wa dereva kinachozuia watoto kuchezea vioo vya nyuma, kila mtu mzima ndani ya gari ajue kilipo.

Kama kioo kimegoma, kuna nyundo ndogo za kuvunjia. Hapa pana mtego. Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa sita vya aina hiyo. Vinne vilivunja kioo cha kawaida cha pembeni, lakini hakuna hata kimoja kilichovunja kioo chenye utando katikati, kile ambacho kwa nembo ya pembeni huandikwa "laminated". Kioo cha mbele huwa cha aina hiyo siku zote, na magari mengine mapya yanacho hata pembeni. Inafaa kusoma nembo hizo kabla ya kununua nyundo.

Hata hivyo, huku kwetu maji mengi hayamfuati mtu baharini. Yako barabarani, kwenye korongo ambalo jana lilikuwa kavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, waliweka magari halisi kwenye maji. Toyota Yaris ilianza kusogezwa na maji ya kina cha sentimita 15 tu, yaliyokuwa yakienda mita moja kwa sekunde. Kwenye sentimita 60 ilielea kabisa. Nissan Patrol ya tani mbili na nusu iliyumba kwenye sentimita 45, na kwenye 95 ikaelea, hata ikawezekana kuisogeza kwa mkono. Sentimita 15 hazifiki nusu ya goti. Dereva anayesema "hili ni gari la juu, linapita" anazungumzia injini isiingie maji, wakati shida ni matairi kuachia barabara.

Aprili 2024, jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na mafuriko na watoto wakapoteza maisha. Mzazi anayelipia usafiri wa shule ana haki ya kumuuliza dereva mambo matatu bila kuona haya: madirisha gani ya nyuma yanafunguka, nyundo imewekwa wapi, na mvua ikijaza korongo lililo njiani, atapita au atageuza na kumpigia simu?