Kutoka Mbarara hadi Bukoba kwa kupitia Dar es Salaam

Sokoni Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanauziana bidhaa kwa Kiswahili. Nchi zao zote sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ardhini, watu wamekwisha kuungana. Angani hali ni tofauti kabisa.

Kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Nyakisharara, nje kidogo ya jiji la Mbarara, hadi uwanja wa Bukoba kando ya Ziwa Victoria ni kama kilometa 160 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya abiria 12, yenye mwendo wa kilometa 300 kwa saa, ingetumia dakika 40 hivi, kuruka na kutua zikiwamo.

Ndege hiyo haipo. Anayetaka kusafiri kwa ndege za ratiba lazima ashike barabara hadi Entebbe, apande ndege ya Dar es Salaam, kisha arudi tena hadi Bukoba. Atakuwa ameruka zaidi ya kilometa 2,000 kwa safari ya kilometa 160! Ndiyo maana watu hupanda mabasi kupitia Masaka na Mutukula, kilometa 300 hivi, au hukatiza Kikagati na kuvukia Murongo.

Kikwazo si milima wala umbali. Ndege ikishavuka mto Kagera huhesabiwa kuwa ya kimataifa, hata kama abiria wote ni raia wa Jumuiya. Hapo hudaiwa maofisa wa uhamiaji na forodha katika viwanja vyote viwili, pamoja na ada zinazozidi zile za safari za ndani. Viti 12 haviwezi kubeba mzigo huo.

Uamuzi wa Yamoussoukro wa kufungua anga la Afrika ni wa mwaka 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Barabarani kuna mfano mzuri: mwaka 2017 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani Mutukula, ambako msafiri humaliza taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Kilichowezekana kwa lori la mizigo kinashindikanaje kwa ndege ya viti 12?

Si kwamba wakimbizi wa Nakivale ndio watakaoijaza. Nauli itawashinda wengi, na asiye na hati ya kusafiria havuki mpaka kwa ndege wala kwa miguu. Lakini daktari bingwa wa Mbarara anayehitajika Bukoba, au dawa isiyoweza kungoja basi, vinahitaji njia hiyo.

Usalama utangulie. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 wakafa. Vifaa vya hali ya hewa na vikosi vya uokoaji viwe tayari kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

Uganda na Tanzania zinaweza kuanza na safari mbili kwa wiki, kwa majaribio ya mwaka mmoja, maofisa wakifika uwanjani siku za ndege tu na ada zikiwa zile za safari za ndani. Bajeti za nchi zote mbili husomwa Juni. Mawaziri wa uchukuzi wakutane kabla ya hapo.