“Halafu” Nyingi, Sababu Hakuna

Mtoto wa darasa la sita anayeishi Same mjini amerudi kutoka likizo kwa babu yake, juu milimani. Mwalimu ametaka insha kuhusu ndiva, yale mabwawa madogo ya jadi ambayo Wapare huyatumia kumwagilia mashamba. Mama anachukua daftari na kusoma: “Maji yanatoka kwenye kijito halafu yanaingia ndivani halafu yanakaa usiku halafu asubuhi yanafunguliwa halafu watu wanamwagilia.”

Tahajia haina kosa. Lakini “halafu” inasema nini kilifuata nini, haisemi kwa nini. Hapo wazazi wengi hushika kalamu na kuandika upya wenyewe. Mama huyu aliuliza tu: “Kwa nini yanakaa usiku, mwanangu?” Mtoto akajibu kwamba maji ya kijito ni machache, yakienda moja kwa moja shambani hayafiki mbali.

“Basi andika hivyo hivyo ulivyosema.”

Sentensi ikageuka: “Maji huhifadhiwa usiku kwa sababu kijito ni kidogo, kwa hiyo yakifunguliwa asubuhi hutoka kwa nguvu na kufika mashamba ya mbali.”

“Kwa sababu” huleta chanzo, “kwa hiyo” huleta matokeo. Zikibadilishana nafasi, itaonekana kijito kimekuwa kidogo kwa kuwa maji yamehifadhiwa! “Ingawa” na “lakini” zote huonyesha ukinzani, na katika sentensi moja mtoto achague moja. Wala si kila sentensi inadai kiunganishi. Insha yenye “aidha” na “hivyo basi” kila mstari huchosha kama hotuba ya mgeni rasmi.

Pagumu palikuwa kwenye zamu. Mtoto aliandika: “Kila mkulima hupata zamu ya maji na hushiriki msaragambo wa kusafisha mfereji.” Mama hakuona kasoro. Alipiga picha ukurasa ule, akamtumia babu kwa simu.

Jioni babu akapiga, anacheka, ila hakuwa anatania. “Mjukuu wangu, hiyo ‘na’ yako imempa maji hata aliyebaki nyumbani wenzake wakichimba. Huku watu wanagombana kwa jambo hilo. Andika ‘mradi’.”

Mtoto akafuta, akaandika: “Kila mkulima hupata zamu ya maji mradi ameshiriki msaragambo.” Kisha akauliza kama mgonjwa naye hunyimwa. Babu akasema hapo itabidi aongeze “isipokuwa”.