Uchambuzi: Hifadhi ya bure ya mbinu za uchangishaji nayo yahitaji wachangiaji

Asasi za hisani zinapohitimisha kampeni ya uchangishaji, barua, matangazo na hesabu zake aghalabu huishia kabatini. Wahusika wakihama, ujuzi huondoka nao, na asasi nyingine hulazimika kuanza upya kwa gharama ya fedha za wachangiaji.

Pengo hilo ndilo SOFII, asasi ya hisani iliyoasisiwa nchini Uingereza na Ken Burnett, inalokusudia kuliziba. Kupitia intaneti, imekusanya mifano ya kampeni kutoka nchi mbalimbali, ambayo husomwa bila malipo.

Thamani ya kumbukumbu za aina hiyo hudhihirika katika mfano wa mwaka 1885. Gazeti la Joseph Pulitzer jijini New York, lilipochangisha fedha za kujenga msingi wa Sanamu ya Uhuru, liliahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji, hata aliyetoa senti chache. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000. Somo la kuuthamini mchango mdogo lingali hai.

Hata hivyo, kilicho bure kwa msomaji kina gharama kwa mtunzaji. Kuhakiki mifano, kuomba idhini na kuendesha mitambo huhitaji fedha. Kutoza ada kungezifungia nje asasi ndogo zenye uhitaji mkubwa zaidi. Kutegemea mfadhili mmoja kungeiweka hifadhi rehani. Njia iliyo salama zaidi ni ile ile inayofundishwa humo: wengi kuchangia kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.