Klabu za mtaani zina haki katika Mfuko wa Michezo

Tangu mwaka wa fedha 2021/22, asilimia 5 ya mapato ya kodi ya ubashiri wa matokeo ya michezo hutengwa kwa ajili ya Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Fedha hiyo chimbuko lake ni mifuko ya wanaoweka mikeka kila mwisho wa wiki, wengi wao vijana, na mitaa wanayotoka ndiyo hiyo ambayo klabu zake za mpira wa kikapu huchangishana nauli ili zifike uwanjani siku ya mechi.

Hatuna ugomvi na uamuzi wa kuutengea Mfuko chanzo cha uhakika. Ulikuwa uamuzi sahihi. Ila sheria ikishatoa fedha kwa jina la michezo, anayezishika hana tena hiari ya kuuona mchezo mmoja na kuusahau mwingine, wala ya kuhesabu timu za taifa peke yake kana kwamba mchezaji huzaliwa akiwa amevaa jezi ya taifa.

Anayelea klabu ya kikapu mtaani anaujua mzigo wake. Sakafu ya uwanja, mita 28 kwa 15, ikiwa ya saruji mbovu hula mpira upesi hadi unateleza mkononi. Ringi hupinda. Taa ni lazima, kwa kuwa wachezaji wengi mchana wako kwenye shughuli zao na mazoezi huanza jua linapozama. Juu ya hayo kuna ada ya ligi, posho za waamuzi na usafiri. Timu za majeshi na taasisi zina mahali pa kuyapeleka madai hayo. Klabu ya mtaani ina mlezi mmoja na mshahara wake, na mlezi huyo akihamishwa kikazi au akifariki, mara nyingi klabu humfuata. Hapo watoto thelathini au arobaini hubaki bila mahali pa kwenda jioni, na hakuna ofisi inayoandika hasara hiyo.

Njia nyingine za fedha zipo, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya klabu hizi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana wana fungu la asilimia 4, ni mkopo wa kikundi chenye shughuli ya kiuchumi. Usio na riba, lakini mkopo, na klabu ya watoto haina inachouza ili iurejeshe. Wafadhili wa nje nao wengi hutaka andiko la mradi kwa Kiingereza, pamoja na hesabu zilizokaguliwa ambazo klabu nyingi hazijawahi kuwa nazo.

Ni kweli Serikali ina madarasa na zahanati za kujenga. Ni kweli pia kwamba fainali za AFCON za mwaka 2027, zitakazoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda, zinadai viwanja na maandalizi yasiyosubiri. Na haki itatudai tuseme upande wa klabu wenyewe hauko safi: zipo zisizo na katiba inayofuatwa, zipo ambazo fedha za klabu hukaa kwenye simu ya mwenyekiti, na zipo zinazoamka uchaguzi wa chama cha mkoa unapokaribia. Mfuko ukimwaga fedha za umma humo bila masharti, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atakuwa na kila sababu ya kuuliza.

Lakini udhaifu wa klabu ni sababu ya kuweka masharti, si sababu ya kufunga mlango. Wala kuwashangilia waliofika juu hakutoshi: mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Taifa lilishangilia, kwa haki kabisa, ila hakuna klabu inayonunua mpira kwa shangwe. Hata utaratibu wa Goli la Mama ulioanza mwaka 2023, wa Rais kuzawadia magoli ya timu zetu, ambao umewapa ari wachezaji wa soka, ni zawadi kwa aliyekwisha kufika juu. Wajibu wa Mfuko unaanza chini kuliko hapo.

Tunautaka Mfuko utenge fungu mahsusi la ruzuku ndogo kwa klabu za jamii, za kikapu zikiwemo. Fomu ziwe za Kiswahili, zipatikane kwa ofisa michezo wa kila wilaya, na vigezo vitangazwe kabla ya maombi kupokewa. Orodha ya waliopata na kiasi walichopata ibandikwe hadharani. Baraza la Michezo la Taifa, ambalo limekuwapo kisheria tangu 1967 na ndilo lenye msajili wa vyama na klabu, lizisaidie klabu kusajiliwa badala ya kungoja zikosee. Shirikisho la Mpira wa Kikapu na vyama vya mikoa wafundishe wahasibu wa klabu kabla ya kudai ada zao.

Viongozi wa klabu nao wafungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, waandike kila shilingi, na wasome hesabu mbele ya wazazi. Asiyekubali hilo asipewe hata senti moja ya Mfuko.